Gunia la Mkaa na Jumba la Pate

Mwaka 2018 wachunguzi wa Umoja wa Mataifa waliokuwa wakifuatilia vikwazo dhidi ya Somalia waliandika habari ya mkaa ambayo mtunzi yeyote wa riwaya angeionea gere. Migunga ilikuwa ikikatwa na kuchomwa kusini mwa Somalia. Mkaa wake ulipakiwa majahazini Kismayu na Buur Gaabo, lakini haukwenda moja kwa moja kwa mnunuzi. Ulipitishwa kwanza visiwa vya Kish na Qeshm, Iran. Huko ulitolewa katika magunia yake, ukatiwa kwenye magunia meupe yaliyoandikwa kuwa ni bidhaa ya Iran, kisha ukahamishiwa vyombo vidogo vyenye bendera ya nchi hiyo. Safari iliishia Dubai, bandari ya Al Hamriya, na cheti cha uasili wa bidhaa kilisema lilelile lililosemwa na gunia. Vyeti vya miaka ya nyuma vilikuwa vikitaja Komoro, Ghana, Côte d'Ivoire.

Usumbufu wote huo una sababu. Tarehe 22 Februari 2012 Baraza la Usalama, kwa azimio namba 2036, lilipiga marufuku biashara ya mkaa wa Somalia kwa kuwa kundi la Al-Shabaab lilikuwa likiutoza kodi. Miaka sita baadaye wachunguzi bado walikadiria kuwa kundi hilo linavuna angalau dola milioni 7.5 kwa mwaka. Mfugaji aliyepoteza kivuli na malisho ya mbuzi wake hakuandikwa popote kwenye gunia. Mvuta shisha wa Dubai naye aliona kaa linawaka vizuri, basi.

Habari hii ya forodha naileta kwenye kurasa za fasihi kwa makusudi. Mwaka 1983 Edward Said, Mpalestina mzaliwa wa Jerusalem aliyekuwa akifundisha New York, alitoa kitabu chake *The World, the Text, and the Critic*. Wakati ule wahakiki wengi wa vyuo vya Marekani walikuwa wamejifungia ndani ya maandishi, wakiyasoma kama kitu kinachojitosheleza, kisicho na mji wala mwaka. Said alikataa. Kila andiko, alisema, limo ulimwenguni: limeandikwa mahali fulani, chini ya utawala fulani, kwa ajili ya watu fulani, na mambo hayo yamo ndani yake hata pale linapojidai kuyapuuza. Ninavyomsoma mimi, alikuwa anamtaka mhakiki asimame bandarini na kuuliza cheti.

Na bandari ya kuulizia ndiyo hii. Al Hamriya iko Deira, upande wa soko la Waterfront, penye samaki na mboga. Isichanganywe na Hamriyah ya Sharjah, ambayo ni mahali pengine kabisa. Watalii hawaendi. Wao hupelekwa Khor Dubai kupiga picha za vyombo vyenye taa za rangi. Majahazi ya Al Hamriya ni ya mbao kweli, mengi yakiwa yameundwa Mandvi na Salaya, Gujarat, na mabaharia wengi ni wa hukohuko, lakini yanakwenda kwa injini na hayana umaridadi wowote. Juu ya sitaha kuna matairi, majokofu, magari yaliyotumika. Ngamani mna mchele, sukari, tambi na mafuta ya kupikia. Mzigo unakwenda Berbera, Bosaso, Mukalla, bandari ambazo baadhi yake meli kubwa huziogopa kwa sababu ya vita, bima au kina cha maji. Watu wa Kariakoo na Eastleigh wanaokwenda Deira kufunga mzigo wanazijua njia hizi kuliko profesa yeyote.

Kuna desturi ya kuliita jambo hili la kuwamo ulimwenguni, analolisema Said, usomi, au safari, au kujua lugha nyingi. Sikubaliani nayo sana. Diogenes wa Sinope alipoulizwa anakotoka alijibu kuwa ni raia wa ulimwengu, na wanafalsafa wamemsifu kwa jibu hilo kwa zaidi ya miaka 2,000. Huyohuyo, inasimuliwa, alitekwa na maharamia akauzwa mnadani. Hannah Arendt, katika kitabu chake cha mwaka 1958 juu ya hali ya binadamu, anafaa zaidi: ulimwengu kwake ni vitu vilivyotengenezwa na mikono ya watu, vinavyokaa kati yetu kama meza inayowaunganisha na kuwatenga waliokaa kuizunguka. Mfano wa vitu hivyo ni boriti: Jumba la Sheikh Saeed pale Shindagha, Dubai, lilijengwa mwaka 1896, na dari za nyumba za aina yake zilibebwa na boriti za mikoko kutoka kwetu. Mwaustralia Alan Villiers alisafiri na jahazi la Wakuwaiti msimu wa 1938 na 1939, akafika nalo hadi delta ya Rufiji kupakia miti hiyo. Upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti, Lamu na Dubai vilevile. Mwaka 1982 Kenya ikapiga marufuku kuuza boriti nje, na wakati huo Dubai ilikuwa imekwisha hamia kwenye saruji.

Sasa tuingie Pate, kisiwa jirani na Lamu. *Al-Inkishafi* ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir hufundishwa kama utenzi wa kuipa dunia kisogo, na ndivyo ulivyo: mshairi anauonya moyo wake usidanganyike, anauonyesha majumba yaliyobomoka na mabwana waliokwisha kufa. Lakini hebu usomwe kwa jicho la karani wa forodha. Mna taa za kioo na za shaba, mna vidaka vilivyopangwa sahani ambamo sasa ndege wanatotoa. Sahani za kauri hazikufinyangwa Pate. Zilikuja kwa bahari, kama zilivyokuja herufi za Kiarabu ambazo utenzi wenyewe uliandikwa kwazo. Kila anachokidharau mshairi kimewahi kupakuliwa ufukweni kwake, na asingeweza kukilaani vizuri hivyo kama asingeijua bei yake. Pate yenyewe ilikuwa ikishuka. Mnamo mwaka 1812 hivi ilipigwa na Lamu katika vita vya Shela. Walimu wetu wametukamilishia vina, mizani na mafunzo ya akhera, na sina ugomvi nao. Ninachokosa ni swali la sahani.

Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar na mshindi wa Nobel ya mwaka 2021, amelijengea swali hilo riwaya nzima. Katika *By the Sea*, iliyotoka mwaka 2001, mzee Saleh Omar anatua Gatwick kuomba hifadhi, akiwa na kikasha cha udi alioupata zamani kwa mfanyabiashara wa Bahrain, Hussein, aliyekuja na msimu. Pasipoti yake ina jina la mtu mwingine, marehemu Rajab Shaaban Mahmud. Ofisa wa uwanja anampitisha na jina lisilo lake, kisha anamnyang'anya udi. Katika mkoba wote ule, kitu pekee chenye asili ya kweli ndicho kilichobaki mikononi mwa serikali, au tuseme mikononi mwa ofisa.

Mtu wa haraka angemweka Saleh Omar kapu moja na wenye magunia meupe. Mimi nisingefanya hivyo, na Gurnah hafanyi. Uongo wa mzee unamwokoa mtu mmoja, tena unalipiwa, kwa sababu jina lile lina wenyewe. Wahudumu wa wakimbizi wanatafuta mtu wa London anayeijua lugha ya mzee, wanampata mhadhiri, Latif Mahmud, naye anatajiwa jina la baba yake mzazi. Wanakutana katika mji mdogo wa pwani ya Uingereza. Kuanzia hapo watu hao wawili wanawekana kitako na kudaiana: nyumba ilikwenda vipi, nani alisaini nini, na yule Hussein wa Bahrain, zaidi ya udi, aliingiza nini nyumbani mwao, na alipoondoka, nani alimfuata.