Glasi Moja, Majina Mawili

Wasomaji wetu wengi hawagusi kileo, wala hatuandiki ili kuwashawishi. Lakini kipo kinywaji kimoja cha kuamsha hamu ya chakula ambacho kina funzo kubwa kwa watu wa visiwani.

Kinywaji hicho huitwa Brandy Crusta, na namna ya kukitengeneza ilichapishwa New York mwaka 1862 katika kitabu cha Jerry Thomas. Hutiwa brandi ya zabibu, kileo cha maganda ya madanzi kiitwacho curaçao, maji ya limau na matone machache ya dawa chungu ya mitishamba. Hupozwa kwa barafu, kikamiminwa katika glasi iliyopakwa sukari mdomoni na kuzungushiwa ganda la limau kwa ndani. Utamu na uchungu hukutana humo.

Brandi iliyo maarufu kuliko zote hutoka Cognac, Ufaransa. Mwaka 1909 serikali ya nchi hiyo iliweka kwa amri mipaka ya eneo hilo. Brandi ya mahali pengine haiwezi kuuzwa huko kwa jina la Cognac.

Curaçao nacho ni kisiwa, karibu na pwani ya Venezuela. Wahispania walipanda michungwa huko katika karne ya 16. Ukavu wa ardhi ukayafanya matunda yawe machungu, yasiyolika. Wenyeji huyaita laraha. Maganda yake yakianikwa juani hunukia vizuri, na hadi leo kisiwani humo kipo kiwanda kinachoyatumia. Hata hivyo, jina la kisiwa halikupata ulinzi kama ule wa Cognac. Viwanda vya Uholanzi na vya kwingineko hubandika neno curaçao kwenye chupa zao, hata kama hamna ganda lolote lililotoka kisiwani.

Karafuu ya Unguja na Pemba nayo husifika kwa jina la mahali itokako. Zanzibar inayo sheria ya mwaka 2008 ya haki za mali ya viwanda, ambayo inatambua majina ya namna hiyo. Lakini sheria pekee haitoshi. Tunawahimiza wahusika serikalini wahakikishe kwamba majina ya mazao yetu yanalindwa hapa na kule yanakouzwa. Wakulima nao wasichanganye karafuu na makonyo, kwani hakuna cheti kiwezacho kulinda jina la bidhaa iliyoharibiwa na wenyewe.

Wahenga walikwisha kusema: mali bila daftari hupotea bila habari.