Redio ya kale ikinyamaza: itengenezwe au iuzwe?

Usiache mbachao kwa msala upitao, hutwambia wazee wetu wa pwani. Ni methali nzuri, lakini haisemi la kufanya mbachao wenyewe ukishachakaa. Suala hilo limetukabili huku Sirisia, Kaunti ya Bungoma, nilikooa. Risiva ya stereo ya miaka ya 1970 aliyoiacha marehemu baba mkwe imenyamaza. Shemeji yangu anataka iuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, pesa zisaidie karo. Mama mkwe hataki, maana ndiyo iliyokuwa ikipiga santuri za mumewe. Mimi nimeombwa shauri kwa sababu nimewahi kutengeneza redio Mombasa.

Risiva ni redio na amplifaya ndani ya sanduku moja, spika zikiwa nje. Sauti itokayo kwenye sindano ya gramafoni ni dhaifu mno, na risiva za wakati ule zina sehemu maalumu ya kuikuza. Spika ndogo za bluetooth zinazouzwa sokoni kwa kawaida hazina sehemu hiyo. Hata upande wa redio bado una kazi: runinga ya analogi ilizimwa Kenya mwaka 2015, lakini stesheni za FM zinaendelea kurushwa kwa mfumo uleule wa zamani.

Kwa hivyo umri si hoja. La kujiuliza ni nini kimekufa ndani.

Kwanza, soma maandishi ya nyuma. Risiva iliyotengenezwa kwa soko la Japani hutumia volti 100, na FM yake ya zamani huishia 90, ilhali yetu hufika 108. Ukiichomeka kwenye volti 240 bila transfoma ya kupunguza umeme, umeiunguza.

Pili, usiwashe moja kwa moja chombo kilicholala miaka. Fundi hupitisha umeme kwanza kwenye balbu ya waya ya wati 60 au 100, si ya LED. Balbu ikiwaka sana kisha ikafifia, ni dalili njema. Ikibaki inawaka kwa nguvu, kuna shoti ndani.

Tatu, transfoma. Ikinuka kuungua au waya zake zimekatika, fikiria upya. Kuisuka upya ni kazi kubwa, na kupata nyingine ya aina ile ile ni bahati.

Nne, pima kwa mita matundu ya spika kabla ya kuunganisha spika. Milivolti chache si neno. Volti kadhaa maana yake transista za kutoa sauti huenda zimeungua, na spika nazo zitafuata.

Kasoro nyingine ni nafuu: fyuzi, kitufe cha sauti kinachokwaruza kwa vumbi, au kapasita zilizokauka na kuleta mngurumo. Lakini asiye fundi asifungue. Kapasita kubwa huweza kubaki na umeme hata baada ya kuchomoa plagi.

Ya kwetu imepimwa. Balbu ilififia, transfoma ni nzima, upande wa kulia una volti kadhaa, wa kushoto uko salama. Basi inatengenezeka. Nimeshauri isiuzwe, ila isitengenezwe muhula huu, karo itangulie. Fundi ataje bei kabla hajashika lehemu. Gharama ikizidi ile ya kununua amplifaya nyingine inayokubali gramafoni, tusimame hapo. Transista nazo zinunuliwe kwa muuzaji anayeaminika, kwani bandia ni nyingi na huungua upesi.

Itakapokuwa ikingoja, ikae mahali pakavu, imechomolewa, imefunikwa kitambaa kinachopitisha hewa. Huku chini ya Mlima Elgon maadui ni radi na umeme unaopanda na kushuka. Mvua ikikaribia, chomoa plagi na waya wa antena. Kwetu pwani adui ni chumvi. Msomaji mwenye risiva iliyokaa karibu na bahari aangalie kutu ya kijani kwenye viungo vya shaba kabla ya jambo lolote. Ikiwa imeshakula bodi yenyewe, hapo hata fundi hodari atakula pesa zako bure.