Taarab: Kinanda cha umeme chaendelea kuwagawa wapenzi

TAARAB haikufika Babati kwa jahazi, bali kwa barabara na redio. Mji huo, makao makuu ya Mkoa wa Manyara tangu mwaka 2002, upo kwenye njia panda ya Arusha, Singida na Dodoma, na kila kinachovuma pwani hupanda huko pamoja na abiria. Ndiyo maana hata ubishi baina ya wapenzi wa taarab asilia na wa taarab ya kisasa umevuka mipaka ya Unguja na Dar es Salaam.

Taarab asilia ni muziki wa okestra. Mizizi yake ni Misri, ulikochukuliwa enzi za Sultani Barghash, na klabu ya Ikhwani Safaa iliundwa Zanzibar mwaka 1905. Fidla, udi, kanuni, nei, chelo na dumbaki hupigwa na kundi kubwa, huku wasikilizaji wameketi. Anayeguswa huinuka taratibu kumtunza mwimbaji, kisha hurejea kitini.

Miaka ya 1990 makundi kama TOT, Muungano na East African Melody yalikipa kinanda cha umeme nafasi ya mbele. Wasikilizaji wakaacha viti, wakacheza, na mafumbo yakageuka mipasho ya wazi. Jahazi Modern Taarab ya Mzee Yusuf ilifuata njia hiyo hiyo.

Wanaolalamika wana hoja ya kitaalamu. Baadhi ya makamu, yaani mipangilio ya sauti yenye asili ya Kiarabu, huhitaji sauti zinazokaa katikati ya vibonye viwili vya kinanda. Mpiga fidla huzipata kwa kusogeza kidole kidogo tu. Kinanda cha kawaida hakina mahali pa kuzitolea. Vipo vinavyoweza kurekebishwa, lakini kuiga fidla kumi kwa kidole kimoja bado si sawa na kuzisikia fidla zenyewe zikipumua pamoja.

Hata hivyo, hoja hiyo isivutwe mno. Akodiani, ambayo wazee huihesabu kuwa ya asili, nayo ina sauti zisizosogea na ilitoka Ulaya. Black Star ya Tanga ilitumia magitaa ya umeme tangu miaka ya 1960, na leo nyimbo zake huitwa za zamani kwa heshima zote.

Kinachoamua zaidi ni gharama. Kanuni ina nyuzi zaidi ya 70, na kuijua vyema ni kazi ya miaka. Chuo cha muziki cha nchi za jahazi kilichoanzishwa Mji Mkongwe mwaka 2002 hufundisha ala hizo, lakini mwenye arusi wa Babati anayetaka okestra kamili hana budi kuwavusha bahari wapigaji wengi, awalaze na kuwalisha. Mpiga kinanda hufika kwa basi moja, na spika zake mwenyewe.