Haki katika Mgawanyo wa Dawa za Gharama Kubwa: Mfano wa Matombo, Morogoro Vijijini

Matombo ni tarafa iliyo katika miteremko ya mashariki ya Milima ya Uluguru, kando ya barabara itokayo Morogoro mjini kuelekea Kisaki. Mgonjwa wa huko, kama ilivyo katika maeneo mengi ya vijijini nchini Tanzania, huanzia zahanati, kisha hupewa rufaa ya kituo cha afya, hospitali ya wilaya na hatimaye hospitali ya mkoa. Kadiri dawa inavyokuwa ghali, ndivyo inavyopatikana mbali zaidi na kijiji. Insulini, dawa dhidi ya sumu ya nyoka na dawa za saratani ni mifano ya wazi. Swali la msingi ni hili: dawa isipowatosha wote, nani apewe, na nani mwenye mamlaka ya kuamua?

Kugawa sawasawa si lazima kuwe kugawa kwa haki. Dozi moja ikigawanywa kwa wagonjwa wawili huenda isimponye yeyote. Kwa hiyo vigezo vingine hutumika, hususan ukubwa wa haja ya mgonjwa na wingi wa manufaa kwa jamii. Vigezo hivi viwili hugongana mara kwa mara.

Morogoro Vijijini ina historia ya pekee kuhusu kigezo cha manufaa. Katika miaka ya 1990 wilaya hiyo, pamoja na Rufiji, ilichaguliwa kwa mradi wa TEHIP, uliolinganisha bajeti ya afya na mzigo halisi wa magonjwa. Ilibainika kwamba malaria ilisababisha takriban asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea Morogoro, ilhali ilitengewa takriban asilimia 5 tu ya bajeti ya mwaka 1996. Bajeti iliporekebishwa kufuata takwimu, pamoja na nyongeza ndogo ya fedha, vifo vya watoto vilipungua kwa kiasi kikubwa katika wilaya hizo.

Mafanikio hayo, hata hivyo, hayajibu kila swali. Hesabu ya mzigo wa magonjwa huwapendelea wengi wenye maradhi ya kawaida yanayotibika kwa gharama ndogo. Mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza ni mmoja miongoni mwa maelfu, na matibabu yake ni ya maisha yote. Bila insulini atakufa. Kumwacha kwa sababu wenzake wa aina yake ni wachache ni kumwadhibu kwa uchache huo.

Aidha, utaratibu wa malipo una kasoro yake. Uchangiaji wa gharama ulipoanzishwa mwaka 1993, makundi kadhaa yalisamehewa, wakiwamo wajawazito, watoto walio chini ya miaka mitano na, baadaye, wazee wasio na uwezo. Vilevile, Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa mwaka 2018 uliweka mchango wa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita. Lakini msamaha humwondolea mgonjwa ada bila kujaza rafu ya dawa. Dawa ikikosekana, aliyesamehewa huelekezwa katika duka la dawa, analipa bei kamili, na nauli ya kushuka mjini juu yake. Hivyo basi, maskini anayeishi mlimani hulipa zaidi kuliko maskini wa mjini, ingawa kwa maandishi wana haki sawa.

Mfumo wa Mshitiri, ulioanza Dodoma mwaka 2014 na kufika Morogoro mwaka 2016, uliviwezesha vituo kununua kwa msambazaji aliyeteuliwa dawa zinazokosekana Bohari ya Dawa. Mfumo huo ulipunguza pengo la upatikanaji. Haukuondoa ulazima wa kuchagua.

Norman Daniels na James Sabin wanapendekeza masharti manne ya uamuzi wa haki: sababu ziwe za msingi unaokubalika na wahusika, ziwekwe wazi, kuwe na nafasi ya rufaa, na pawe na chombo cha kusimamia utekelezaji. Nadharia hiyo ilijaribiwa wilayani Mbarali kuanzia mwaka 2006. Kwa Matombo, maana yake ni kwamba kamati ya usimamizi ya kituo ijadili kipaumbele cha ununuzi mbele ya wananchi, sababu zibandikwe ubaoni bila kutaja mgonjwa yeyote, na aliyenyimwa ajue pa kulalamikia.

Inaweza kupingwa kwamba utaratibu mzuri hauzalishi dawa. Hoja hiyo ni sahihi, lakini uhaba usio na utaratibu hauwi huru na upendeleo: dawa humfikia anayejulikana na mhudumu au aliyewahi kufika. Kuweka sababu wazi hakumponyi aliyekosa, bali humwezesha kudai, na huiwezesha halmashauri kuona ni nani hasa wanaobeba gharama ya uhaba huo.