Rangi mpya ya gari lazima iingie kwenye kadi

MKAZI wa Usangi, wilayani Mwanga, anayempelekea fundi gari jeupe na kulichukua likiwa jekundu, hajamaliza kazi hadi kadi ya usajili nayo ibadilishwe.

Kadi hiyo hutaja rangi, aina ya bodi, namba ya injini na namba ya chesisi. Panapotokea mabadiliko, mmiliki hutakiwa kuyawasilisha kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), ambayo ndiyo msajili wa magari, na gari kukaguliwa.

Sababu ni usalama. Gari linapoibwa, hutafutwa kwa namba, aina na rangi yake. Namba hung'olewa kwa dakika chache, lakini rangi huonekana kwa mbali. Hivyo gari lisilofanana na kadi yake likisimamishwa mjini Mwanga, dereva anaweza kushukiwa hata kama gari ni lake halali. Anayenunua gari lililokwisha kutumika naye hurithi tatizo hilo asipolinganisha kadi na gari kabla ya kulipa.

Rangi haibadili matumizi. Noah ya familia yenye namba za njano haiwi ya abiria kwa kuchorwa mistari. Huhitaji namba nyeupe za biashara na leseni ya LATRA, iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019.

Ving'ora na vimulimuli, kwa upande wake, ni vya magari ya dharura, yakiwamo ya polisi, zimamoto na wagonjwa.