Ubongo wa Ng'ombe na Picha ya Kichwa Chako

Mwaka jana mama mmoja kutoka upande wa Garsen alimleta mwanawe katika kliniki yangu. Mtoto alikuwa ameanguka kutoka juu ya mwembe, jambo la kawaida Tana River msimu wa maembe. Mama alishika eksirei ya kichwa. "Daktari, nimeambiwa hakuna mfupa uliovunjika," akasema, moyo umetulia. Lakini mtoto alikuwa akitapika na kusinzia. Ilinibidi nimweleze mama kwamba picha ile haikuwa imeuonyesha ubongo hata kidogo.

Eksirei ya kawaida ni kivuli tu. Mfupa huizuia miale, nyama laini huizuia kidogo mno. Kwa hivyo fuu la kichwa hufunika yote yaliyo ndani yake, na damu iliyovuja karibu na ubongo haionekani.

Aliyefungua njia ni Godfrey Hounsfield, mhandisi wa kampuni ya EMI ya Uingereza, kampuni iliyojulikana zaidi kwa santuri za muziki. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alijaribu chombo chake kwa ubongo wa binadamu uliohifadhiwa kwa dawa, lakini dawa ilikuwa imeubadilisha. Ikabidi atafute ubongo mbichi wa ng'ombe. Hapo pakazuka shida nyingine: ng'ombe anapopigwa kichwani ili azirai kabla ya kuchinjwa, damu huvuja ubongoni na kuharibu picha. Ubongo uliofaa ulipatikana katika machinjio ya Wayahudi jijini London, ambako mnyama hukatwa koo bila kupigwa kichwa, sawa na wachinjavyo Waorma na Wawardei wanaoleta mifugo sokoni Garsen. Hounsfield aliubeba ubongo huo katika usafiri wa umma. Sidhani abiria wenzake walijua kilichomo.

Chombo cha kwanza kilichukua siku 9 kupima kitu kimoja. Tarehe 1 Oktoba 1971 mgonjwa wa kwanza alipigwa picha katika hospitali ya Atkinson Morley, London. Mwaka 1979 Hounsfield alipewa tuzo ya Nobel pamoja na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, ambaye alianza kuzipiga hesabu za jambo hilo akiwa Cape Town.

Mashine hiyo ndiyo tunayoiita CT. Miale hupita kichwani kutoka pande zote, kisha kompyuta hukokotoa kila sehemu imezuia miale kiasi gani. Hutoka picha za vipande vyembamba, mithili ya mkate uliokatwa. Vikipangwa tena pamoja, daktari hupata umbo zima, awezalo kuligeuza na kulitazama juu, chini na ubavuni.

Watafiti wangali wakitumia ubongo wa wanyama, hasa wa panya. Huuloweka kwanza katika madini ya ayodini ili sehemu laini zionekane, na mashine zao huona vitu vidogo kuliko unywele. Ayodini hiyohiyo, ikiwa katika dawa maalumu, huenda ukadungwa mshipani hospitalini. Kwa hivyo sema mapema ikiwa una ugonjwa wa figo au umewahi kudhurika na dawa hiyo.

Hapa Pwani mashine hii imetufunza mengi. Mwaka 1994 watafiti wa Kilifi walichapisha matokeo ya picha za CT za watoto 14 waliopoteza fahamu kwa malaria ya ubongo. Sita walionekana ubongo umevimba. Kwa watu wa delta ya Tana, ambako mbu hawapungui, habari hiyo si ya mbali.

Je, kila anayeumwa kichwa apigwe CT? La. Miale yake ni sawa na ya makumi ya eksirei za kifua, na mjamzito lazima aseme hali yake. Lakini aliyeumia kichwa, hata kama alizinduka, akaongea na kunywa chai, asicheleweshwe iwapo anatapika tena na tena, anasinzia, kichwa kinazidi kuuma, anapata kifafa, upande mmoja unalegea, mboni za macho hazilingani, au maji meupe yanatoka puani au sikioni. Asipewe aspirini, maana huzidisha kuvuja kwa damu. Usingoje kupambazuke kwa sababu barabara ni ndefu, tafuta gari.

Yule mtoto alipelekwa Mombasa jioni ileile. CT ilionyesha damu iliyoganda kati ya mfupa na ubongo, akapasuliwa usiku. Amerudi shuleni. Mama yake bado ameiweka ile eksirei, na nimemwomba aziweke na picha za CT pia, zisikunjwe wala kuachwa juani, ili aje nazo kila anapomleta mtoto.