Kifuniko cha Pikapu Katika Njia Panda ya Segera

Mtu asimamaye Segera kwa muda wa saa moja, pale ambapo barabara itokayo Chalinze huungana na ile ipitayo baina ya Tanga na Korogwe, ataona pikapu za kila aina zikipita, na nyuma zake zimefunikwa kwa kila namna: hii ina turubai la buluu lililokazwa kwa vipande vya tyubu, ile ina kifuniko cha aluminiamu kinachong'aa, nyingine imevikwa kanopi ya fibaglasi yenye vioo vya pembeni, na nyingine haina kitu illa magunia na utingo aliyelala juu yake. Ukiwauliza madereva sababu ya kuchagua walichokichagua, aghalabu jawabu ni kwamba gari lilinunuliwa likiwa hivyo, au kwamba jirani alifanya hivyo na ikapendeza. Muradi wangu katika makala hii ni kueleza kwamba kifuniko huchaguliwa kwa kuitazama shehena kwanza, kisha njia, na gari lenyewe ndilo la mwisho; na kwamba mwenye kuufuata utaratibu huo, akiwa mkazi wa Handeni au Korogwe, mara nyingi atajikuta ananunua kitu rahisi kuliko alichokusudia.

Mahali penyewe panastahili kutajwa, kwa kuwa ni pachache ambapo gari moja hupambana na hali nyingi kiasi hiki katika safari ya siku moja. Upande wa mashariki, kwa kupitia Hale na Muheza, iko Tanga, kilomita 70 na ushei, penye hewa ya chumvi na unyevu. Upande wa kaskazini, ukishazipita Korogwe na Mombo, unaingia katika nyika ya Same ambako upepo huamsha vumbi. Na upande wa kusini, kwa Kabuku na Mkata, ni jua kali lichomalo kila kitu cha plastiki hadi kikakatika kama karatasi. Mvua za masika, baina ya Machi na Mei, na zile za vuli, baina ya Oktoba na Desemba, hazimpi dereva wasaa wa kujiandaa, na gari lililoondoka Mombo katika ukavu yamkini likaingia Muheza linachuruzika.

Sasa tuitazame shehena. Kipimo cha kwanza na kikubwa kuliko vyote ni ukingo wa bodi: je, mzigo wako wa kila siku hukaa chini ya ukingo huo, au hupanda juu yake? Bodi ya pikapu ya kebini mbili ina urefu wa kiasi cha mita 1.5 tu, na ile ya kebini moja hupata mita 2 na zaidi, wakati kina cha zote mbili kwa kawaida ni chini ya nusu mita. Hivyo mwenye kubeba mahindi, mkaa, mihogo au machungwa, ambaye faida yake iko katika kupanga juu, hawezi kabisa kutumia kifuniko kigumu cha bapa, hata angepewa bure. Nimeona watu walionunua vifuniko vya kukunjwa vya bei kubwa, kisha wakasafiri navyo vikiwa vimekunjwa na kuegemezwa kwenye kichwa cha gari, na turubai la zamani likiwa juu ya magunia. Na kama gunia ni lumbesa, lile lililoshonewa kilemba na kuzidi kilo 100 ambazo sheria ya vipimo imeziweka kuwa kikomo, basi hapo hata turubai linahitaji kuwa pana kuliko ilivyodhaniwa. Lakini dawa ya lumbesa ni kuiacha, wala si kuitafutia kifuniko.

Kwa mkulima na mfanyabiashara wa mazao, basi, turubai ndilo aula. Lakini maturubai hayalingani. Lile jembamba la kusokotwa kwa nyuzi za plastiki, ambalo ndilo rahisi kupatikana, halina uvumilivu wa jua. Hata likikaa zima kwa kulitazama, ukilishika pembeni na kulivuta utasikia nyuzi zinakatika, na hiyo ni dalili kwamba mvua itakayokuja litaigeuza kuwa ya ndani. Lile zito lililopakwa mpira wa plastiki pande zote mbili, kama la malori makubwa, hudumu zaidi na kushonwa likipasuka, walakini lina uzito na halipitishi hewa hata kidogo. La kitambaa cha pamba kilichotiwa nta ni la zamani, linapumua, na mashaka yake ni kuoza likikunjwa lingali na maji. Kwa safari za Segera ningechagua lile zito, nikiwa na hadhari juu ya kupumua kwa mazao, jambo nitakalolirudia.

Turubai lililotandazwa bapa ni bwawa. Bodi yenye mita 1.5 kwa 1.5, ikishika maji ya kina cha sentimita 1 tu, imebeba lita 22 na nusu, na kina hicho kikifika sentimita 10, umejitwika zaidi ya kilo 200 ambazo hazikulipiwa nauli, nazo huenda mbele kila unapokanyaga breki na nyuma kila unapopanda kilima. Dawa yake ni mataruma: vyuma vitatu au vinne vya duara vilivyopindwa na fundi wa kuchomelea, vikasimama katika bodi kama mbavu za jahazi, na turubai likavikwa juu yake hata maji yakawa hayana mahali pa kutua. Fundi yeyote wa gereji za Korogwe aweza kuvitengeneza, na vikifanywa vya kuchomoka, gari hubaki huru kupakia ng'ombe au kabati kesho yake.

Adui wa pili wa turubai ni upepo, na watu hawaukadirii ipasavyo kwa sababu nguvu yake haiongezeki sambamba na mwendo. Ukienda kilomita 40 kwa saa, upepo husukuma kila mita ya mraba kwa nguvu ya kiasi cha kilo 7 hivi. Ukifika 80, nguvu hiyo haiwi mara mbili, bali mara nne, takriban kilo 30. Ndiyo maana turubai lililotulia vizuri mbele ya kibao cha 50 pale kijijini hupiga makofi na kujichana mara tu dereva apatapo barabara tupu. Ukingo wa mbele ufungwe kwanza, tena ukunjwe kuelekea chini ili upepo usipate mdomo wa kuingilia. Na kama unatumia vipande viwili, cha mbele kikae juu ya cha nyuma, jinsi mabati ya paa yanavyolaliana kufuata mteremko wa maji.

Tukija kwenye kamba, wenyeji wa hapa wana bahati na pia wana mtego. Kamba ya katani, zao ambalo Dakta Richard Hindorf alilileta katika pwani hii mwaka 1893, na ambalo katika miche 1,000 aliyoiagiza ni 62 tu iliyofika hai, inashika fundo vizuri mno, haitelezi, na haiharibiki kwa jua kwa upesi. Lakini ikilowa huvimba na kufupika. Ukiikaza kwa nguvu zote wakati wa ukavu, kisha mvua ikanyesha Hale, kamba hujikaza yenyewe hadi ikang'oa pete za turubai. Na ukiikaza ikiwa imelowa, ikikauka hulegea, na mzigo ukaanza kuhama bila ya dereva kuwa na habari. Kamba za manila za siku hizi, ambazo kwa kweli ni plastiki, hazibadiliki kwa maji, illa huteleza katika fundo na huchakaa juani, na unga mweupe unaobaki kiganjani ukizishika ndio ilani yake. Vipande vya tyubu, vinavyodharauliwa na wengi, ndivyo hasa vinavyofaa kwa kingo, kwa sababu hunyumbulika turubai linapovutwa na kurudi lilegeapo. Nami huona busara kuufunga mzigo wenyewe kwa kamba, na kulifunga turubai kwa tyubu, kila kimoja kwa kazi yake, badala ya kuitaka kamba moja ishike yote mawili.

Ama wale ambao shehena yao ni ndogo, ya thamani, na hukaa chini ya ukingo, yaani fundi wa pampu za maji na zana zake, mpima ardhi, afisa wa afya mwenye makasha ya dawa, au mwenye duka arudiye kutoka Tanga na bidhaa za katoni, hao wana haki ya kifuniko kigumu chenye kufuli, maana gari likisimama njia panda usiku, turubai halimzuii mwenye kisu. Vile vya paneli za aluminiamu zikunjwazo mara tatu ni vyepesi na huondolewa na mtu mmoja. Vya fibaglasi vya kipande kimoja ni vizuri kwa sura, lakini barabara za vijijini zenye mikunjo huvitikisa hadi vikapata nyufa kwenye bawaba. Vile vya kujikunja ndani ya sanduku hula sentimita 25 au 30 za bodi iliyokwisha kuwa fupi, na mifereji yake hujaa vumbi jekundu, kisha siku moja hugoma katikati, havifungiki wala havifunguki. Vya plastiki laini vinavyogandamana kwa ukanda wa vinywele navyo hushindwa na vumbi hilo hilo. Ningekuwa na shehena ya namna hiyo, ningechagua paneli na kuyasahau yaliyobaki.

Vumbi lenyewe lina siri ambayo wauzaji hawaisemi. Gari likienda, nyuma yake hubaki utupu wa hewa unaovuta kila kilicho barabarani kuja juu. Bodi ikifunikwa, hewa ya ndani nayo huwa pungufu, na vumbi huingia kwa kupitia nafasi za mlango wa nyuma, ambao kiwandani haukutiwa mpira wa kuziba. Mtu akalipa fedha nyingi kwa kifuniko, kisha akashangaa katoni zake zimekuwa nyekundu. Ukanda wa mpira wa milango, uuzwao kwa mita katika maduka ya vipuri, ukibandikwa pande zote za mlango huo, hufanya kazi kubwa kuliko kifuniko chenyewe.

Na utupu huo huo ndio unaouvuta moshi wa ekzosi. Hapa sina mzaha. Kanopi iliyofungwa mbele na pembeni, na kuachwa wazi nyuma ili watoto au vibarua waliopanda wapate hewa, hukusanya moshi wa injini pamoja na kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Mtu huanza kwa kuumwa kichwa na kusinzia, na wenzake wakadhani ni uchovu wa safari. Kanopi ni ya mizigo.

Mazao nayo hupumua. Chungwa lililochumwa hutoa joto na unyevu, na likifungiwa chini ya turubai zito katika jua la Kabuku, hutoka jasho, kisha ukungu ukaanza katika yale yaliyopata michubuko. Mahindi yenye unyevu wa zaidi ya asilimia 13.5 yakifunikwa na kulazwa garini siku mbili tatu, hupata fangasi waletao sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kupikwa. Mkaa uliotolewa tanurini jana waweza kuwa na moto uliojificha, na upepo ukauamsha chini ya turubai. Uachwe mahali wazi upoe siku nzima kabla ya kupakiwa. Kwa hiyo mataruma yana faida ya pili: nafasi ya hewa juu ya shehena, na turubai likiinuliwa kidogo nyuma kila gari lisimamapo.

Kuhusu gari lenyewe maneno si mengi. Pikapu hizi zimeundwa kubeba tani moja hivi, na kanopi ya chuma yenye kilo 80 na zaidi imekwisha kukunyima karibu gunia zima, katika kila safari, kwa umri wote wa gari. Kifuniko cha Toyota Hilux iliyotoka baada ya 2005 hakikai sawasawa juu ya ile iliyotoka baada ya 2015, wala cha Isuzu D-Max hakiingii katika yoyote kati ya hizo, basi pima urefu na upana wa ukingo kwa utepe, na uangalie kama nguzo za chuma zilizochomelewa nyuma ya kichwa hazitazuia. Pendelea kile kinachobanwa kwa kibanio, usikubali bodi itobolewe. Na kama kutoboa hakuepukiki, tundu lipakwe rangi ya kuzuia kutu kabla bolti haijaingia, hasa kwa gari lendalo Tanga mara kwa mara. Ahadi ya kwamba kifuniko kitapunguza matumizi ya mafuta isikushawishi: mlango wa nyuma ukiwa umefungwa, hewa hujizungusha ndani ya bodi na kuuacha upepo upite juu, hivyo kinachookolewa ni kidogo.

Tena kuna vizuizi vya njiani. Mwenye mazao ya misitu husimamishwa na maofisa wa Wakala wa Huduma za Misitu, na kila mwenye pikapu hukutana na trafiki, nao hutaka kuona kilichomo. Kabla hujalipa, basi, fundi akufungie kifuniko hapo hapo gerejini, uchukue saa, ukifungue na kukifunga tena peke yako bila ya utingo. Kikichukua dakika 10, zidisha kwa idadi ya vizuizi vya njia yako. Kisha mwombe mwenye gereji ndoo mbili za maji, umwage moja juu yake na nyingine kwenye mlango wa nyuma, ufungue, upapase sakafu ya bodi kwa kiganja, kuanzia pembe za mbele ambako kiungo cha kichwa na ukingo hakionekani kwa macho.